Sudan: chakula kipo mpakani na watu wanakufa njaa. Dunia imejibu vipi, na sie Wazanzibari tunafanya nini?

Mwana_wa_Chake (mleta uzi):

Assalaam alaykum wadau wote.

Uzi wangu mrefu kidogo, naombeni mnivumilie. Nataka tuizungumze Sudan, na si ile ya juu juu ya kusema Mungu awasaidie alafu tukarudi kwenye mpira, nataka tuelewe khasa kimetokea nini na dunia ilijibu vipi. Mie hii vita naifatilia tangu ilipoanza na kila nikifatilia nazidi kuamini jambo moja: wale watu hawafi kwasababu dunia haina chakula, wanakufa kwasababu kuna watu wameamua chakula kisipite, na wakubwa wa dunia wanawajua watu hao kwa majina na wanakaa nao meza moja.

Kwa asiejua, vita ilianza Jumamosi 15 Aprili 2023, kumi la mwisho la Ramadhani, watu wamefunga. Huku jeshi la serikali chini ya Jenerali Abdel Fattah al-Burhan, huku RSF, kikosi cha wanamgambo chini ya Mohamed Hamdan Dagalo anaeitwa Hemedti. Hawa wawili walikuwa pamoja, Oktoba 2021 walishirikiana kuipindua serikali ya mpito iliyokuja baada ya wananchi kumng'oa Omar al-Bashir Aprili 2019, yani vijana waliandamana wakafa barabarani ili wapate utawala wa kiraia, wakubwa hawa wawili wakaunyakua, alafu wakagombana wenyewe. Ugomvi ulipopamba moto ni pale RSF ilipotakiwa iingizwe ndani ya jeshi, jeshi linataka imalizike miaka miwili, RSF wanataka kumi. Na RSF si watu wapya, imetokana na Janjaweed, wanamgambo wale wale walioichoma Darfur, magharibi ya Sudan, miaka ya 2003 na kuendelea.

Saivi zaidi ya watu milioni 12 wamehama makwao, wengine ndani ya nchi wengine wamevuka kwenda Chad, Misri, Sudan Kusini, Ethiopia, Libya, mpaka Uganda. Sensa ya 2022 Zanzibar nzima, Unguja na Pemba na visiwa vyote vidogo, hatukufika milioni 2. Sasa chukua sisi sote, mara sita, wote hawana nyumba.

Alafu njoo El Fasher. Naomba hapa tukae kidogo, manake El Fasher ndio inayoonyesha kila kitu.

El Fasher ni mji mkuu wa Darfur Kaskazini. RSF waliuzingira tangu Mei 2024. Tarehe 13 Juni 2024 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likapitisha azimio namba 2736, kura 14, Urusi peke yake haikupiga upande wowote, azimio linasema waziwazi RSF waache kuuzingira mji. Wakaacha? Hawakuacha. Miezi miwili baadae, Agosti 2024, wataalamu wa njaa wakatangaza rasmi baa la njaa kwenye kambi ya Zamzam pembeni ya mji huohuo, kambi yenye mamia ya maelfu ya watu waliokimbia vita ile ya zamani. Na muelewe, baa la njaa halitangazwi ovyo, lina vipimo vyake, watoto wangapi wamekonda kupita kiasi, watu wangapi wanakufa kwa siku katika kila watu 10,000, mpaka litangazwe watu washakufa wengi. Aprili 2025 RSF wakaivamia Zamzam yenyewe, watu wakakimbia tena, wengi kwa miguu mpaka Tawila, mji ulio magharibi ya El Fasher. Ndani ya mji watu wakawa wanakula mashudu ya karanga, wenyewe wanaita ambaz, chakula cha mifugo kile kinachobaki mafuta yakishakamuliwa. Na hata mashudu yakawa adimu. RSF wakajenga tuta la udongo kuuzunguka mji, picha za satelaiti za watu wa chuo cha Yale zilikuwa zinaonyesha wiki kwa wiki tuta linavyokua, kwahiyo hakuna wa kusema hakujua. Zaidi ya mwaka mzima hakuna msafara wa malori ya UN uliofika ndani. Tarehe 26 Oktoba 2025 mji ukaanguka. Shirika la Afya Duniani likasema watu zaidi ya 460, wagonjwa na waliokuja kuwauguza, waliuliwa ndani ya hospitali ya uzazi ya Saudi. Wagonjwa wadau. Hospitali ya uzazi.

Sasa niambieni lile azimio 2736 lilifanya kazi gani?

Na jeshi la Burhan nalo msilisafishe. Februari 2024 serikali ilizuia misaada isipite mpaka wa Adré, pale Chad inapopakana na Darfur Magharibi, hoja yao silaha za RSF zinapita hapo. Ndio njia fupi kuliko zote kuingia Darfur. Ikafungwa miezi sita, malori yakalazimika kuzunguka njia nyengine ya kaskazini, Tine, na mvua ikinyesha mabonde yanajaa maji magari hayapiti. Adré ikafunguliwa Agosti 2024, mwezi huohuo baa la njaa lishatangazwa. Ndio maana nasema njaa hii imetengenezwa na mikono ya watu, na mikono ni ya pande zote mbili.

Nije kwenye fedha. Mwaka 2025 UN iliomba dola bilioni 4.2 kwa ajili ya Sudan. Haikupata hata nusu. Kila 15 Aprili wakubwa wanakutana, mwaka 2024 Paris wakaahidi zaidi ya euro bilioni 2, mwaka 2025 London wakaahidi tena, na London hata tamko la pamoja halikutoka manake nchi za Kiarabu zilizokaribishwa hazikukubaliana wenyewe kwa wenyewe. Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada yake ya nje na ndani ya wiki chache majiko ya jamii zaidi ya 1,000 yakazima moto.

Na hayo majiko ndio yaliyonifanya niandike uzi huu. Wasudani wanayaita takaya. Vijana wa mitaani, wengi wao ni walewale waliomng'oa Bashir, walianzisha vyumba vya dharura kila mtaa, wakawa wanakusanya fedha, wananunua mtama, dengu, maharage, wanapika sufuria moja kubwa na kila mwenye bakuli anakuja. Kama sie tunavyopika shughuli, masufuria ya kuazima, wanawake wanachambua mchele uani, vijana wanakoka moto, isipokuwa wao shughuli hii ni kila siku na mabomu yanaanguka. Pale magari ya UN yaliposhindwa kufika wao walikuwapo tayari, wanaishi hapo. Na wanakamatwa na pande zote mbili, huyu anawaona majasusi wa yule. Mwaka 2025 wamepewa tuzo ya Rafto ya Norway na ile ya Right Livelihood ya Sweden, wanastahiki, lakini tuzo haichemshi sufuria. Sehemu ndogo sana ya fedha za misaada ya dunia ndio inafika moja kwa moja mikononi mwao, nyengine yote inapita kwenye mashirika makubwa yenye ofisi Port Sudan na Nairobi.

Nataka tujadili. Dunia ilikosea wapi na sie huku tuna la kufanya au hatuna.


Mtu_wa_Darajani:

Waalaykum salaam. Mkuu umeandika vizuri sina la kukupinga kwenye historia, lakini nikuulize kwa nia njema, sie tunahusika vipi? Hapa kilo ya mchele, kilo ya sukari, nauli, ada za skuli, watu wenyewe wana dhiki. Alafu zile ni nchi zina mafuta zina dhahabu, ndugu zao Waarabu matajiri wako hapo karibu, kwanini wasisaidiwe na hao kwanza? Naona kama tunajibebesha mzigo usokuwa wetu.


Bi_Konde:

Mwanangu wa Darajani, mie ni mtu mzima na simu hii najifunza kuandika kwahiyo nikikosea herufi nistahamili. Umeuliza sie tunahusika vipi. Mie nikwambie.

Januari 2001 sie watu wa Pemba tulikuwa wakimbizi. Hujazaliwa pengine au ulikuwa mdogo. Yalipotokea yale ya tarehe 27, waandamanaji wa upinzani kupigwa risasi na polisi, watu walichukua mashua usiku, wengine boti za mashine, tukavuka mpaka Shimoni, Kenya, zaidi ya watu elfu mbili. Mie nilivuka na watoto, mmoja mgongoni. Watu wa Shimoni hawakutuuliza chama wala kabila, walitufungulia nyumba zao na msikiti, wanawake walitupa kanga kwasababu nguo tulizovaa zimerowa maji ya chumvi, na uji ukapikwa. Siku za mwanzo hatujaona shirika lolote, ni wavuvi wale wale ambao na wao hawana kitu. UNHCR, shirika la UN la wakimbizi, walikuja baadae wakatuandikisha, wakaleta mahema, na wao nawashukuru pia, lakini bakuli la kwanza lilitoka kwa jirani.

Na dunia ilituangalia kidogo tu, mwezi mmoja miwili, alafu ikasahau. Sisi tulibahatika, tulirudi, Oktoba mwaka ule ule ukapatikana Muafaka, makubaliano ya CCM na CUF. Wenzetu hawa mwaka wa ngapi huu hawajarudi. Kwahiyo tunahusika baba. Anaesema hahusiki ni kwasababu hajawahi kuvushwa bahari usiku na mtoto analia.


Mtu_wa_Darajani:

Bi mkubwa shikamoo. Sikuwa najua haya kwa undani namna hii, nilikuwa darasa la pili. Nimekusikia.


Twalib_Khartoum:

Marahaba wote. Mie nilikuwapo Khartoum vita inaanza, nasoma Jamia Ifriqiya, kile chuo cha kimataifa cha Afrika ambacho Wazanzibari wengi wamesoma pale, masheikh na walimu wetu wengi tu huku wametokea pale. Kipo kusini ya mji na mapigano yalikuwa karibu sana. Asubuhi ile tulidhani mazoezi ya kijeshi, saa chache baadae umeme hakuna, maji hakuna, mabweni yametikisika, na tumefunga.

Naunga mkono kwa alichosema Bi Konde, jirani ndio wa kwanza. Mzee mmoja Msudani wa mtaa wa nyuma alikuwa akituletea maji kwa punda wakati wa futari, risasi zinalia, na alikuwa na familia yake anaweza kujifungia ndani. Tukamuuliza kwanini anahatarisha maisha akasema nyinyi ni wageni wetu. Serikali yetu ilitutoa kwa njia ya barabara mpaka Ethiopia alafu ndege mpaka nyumbani, tulikuwa kama Watanzania mia mbili, wengi wanafunzi. Tulipokelewa na waandishi wa habari na kila kitu, Alhamdulillah. Yeye mzee hakuna aliekuja kumtoa.

Na hapa ndio pana jambo linaniuma mpaka leo. Wiki ile mataifa yote makubwa yalikuwa na uwezo, ndege zilitua, meli zilifika Port Sudan, misafara ililindwa, wakasitisha mapigano saa 72 mara tatu mara nne ili raia wa kigeni watoke. Yani iliwezekana! Walipokwisha kutoka raia wao ikawa tena haiwezekani kusitisha mapigano, haiwezekani kulinda msafara. Mei 2023 wakasaini Jeddah, Marekani na Saudia wamesimamia, pande zote mbili zimekubali kulinda raia na kupitisha misaada, karatasi ipo. Haikutekelezwa na hakuna alieadhibiwa kwa kutoitekeleza.

Mleta uzi kasema fedha za takaya, nami naongeza, fedha zinaingiaje. Kule watu wanatumiana kwa Bankak, ni programu ya simu ya Benki ya Khartoum, sawa na sie tunavyotumiana fedha kwa simu. Wasudani walioko Ghuba na Ulaya wanatuma, kiongozi wa jiko anapokea kwenye simu, ananunua sokoni. Kwahiyo mtandao ukikatwa na chakula kinakatwa. Februari 2024 mtandao ulizimwa karibu nchi nzima na majiko mengi yalisimama, watu wa Khartoum walilala njaa kwasababu simu hazishiki. Watu wakifikiria misaada wanafikiria magunia na malori tu, kumbe mnara wa simu nao ni msaada.


Kijana_Mpendae:

Mie nina swali kidogo gumu, samahanini. Huku tunachangia Gaza, misikitini inaombwa dua, watu wanavaa skafu, na ni haki kabisa. Sudan mbona kimya? Waislamu wanauliwa na Waislamu ndio tunaona haya kusema?


Mwana_wa_Chake:

Swali lako si baya. Mie sitaki kushindanisha damu, wa Gaza wanastahiki kila dua tuliyoomba na zaidi. Lakini ndio, umegusa penyewe, Gaza tunamjua dhalimu na tunamjua mdhulumiwa, Sudan ukiangalia wote wanaswali. Watu wa kabila la Masalit waliouliwa El Geneina, mji mkuu wa Darfur Magharibi, 2023, wataalamu wa UN walikadiria watu 10,000 mpaka 15,000 katika mji mmoja, ni Waislamu, wengi mahafidh wa Qur'an, Darfur inajulikana kwa kuhifadhisha, na waliowaua wanasema takbir. Hili linatutia uzito wa ulimi. Lakini kukaa kimya kwa sababu hiyo ni kumuacha mdhulumiwa peke yake mara mbili.

Na nirudi kwa ndugu yangu wa Darajani aliesema matajiri wa jirani wasaidie. Wanasaidia, na hapo ndipo palipooza. Imarati (UAE, Falme za Kiarabu) imetoa mamia ya milioni ya dola za misaada kwa Sudan, ilijenga hospitali Amdjarass, Chad, karibu na mpaka. Januari 2024 ripoti ya wataalamu wa UN ikasema kuna ushahidi wa kuaminika kwamba uwanja wa ndege wa Amdjarass hapohapo ulikuwa unapitishiwa silaha za RSF, ndege mara kadhaa kwa wiki. Imarati inakataa, inakataa kila siku, na haki yao tuiseme. Sudan ikaipeleka kwenye Mahakama ya Haki ya Kimataifa, 5 Mei 2025 kesi ikatupwa, si kwa kuwa mahakama imeona hakuna kosa, ni kwa kuwa Imarati iliposaini mkataba wa mauaji ya kimbari iliweka sharti kwamba mahakama hiyo haina mamlaka juu yake. Upande wa jeshi nao wana Misri, wana droni za Kituruki na za Kiirani. Alafu Septemba 2025 wakatoa tamko kundi la nchi nne la kutafuta suluhu, Marekani, Saudia, Misri na Imarati, wanataka mapigano yasitishwe miezi mitatu misaada ipite. Katika wanne hao hesabu wenyewe wangapi wana mtu wao uwanjani.

Na dhahabu. Dhahabu ya Sudan, ya upande huu na upande ule, kwa sehemu kubwa inaishia Dubai. Sisi Wazanzibari Dubai ni sokoni kwetu, nguo, simu, magari, mapambo ya harusi. Sisemi watu waache kwenda, sisemi kila bangili ina damu, nasema tusijifanye vita iko mbali.


Mzee_wa_Malindi:

Niruhusuni na mie, nimestaafu, nilikuwa mambo ya utumishi wa umma. Vijana hawakumbuki kwamba mtu alietumwa na Umoja wa Afrika kusuluhisha Darfur alikuwa Mzanzibari mwenzetu, Dk. Salim Ahmed Salim. Ameongoza mazungumzo ya Abuja, na 5 Mei 2006 ukasainiwa mkataba wa amani wa Darfur. Kosa la mkataba ule si lake peke yake, ni la wakubwa waliokuwa na haraka, waliweka siku ya mwisho ya kusaini, upande wa serikali ukasaini, na kwenye waasi akasaini Minni Minnawi peke yake, Abdul Wahid kiongozi mwengine wa waasi na wale wa kundi la JEM wakagoma. Mkataba wa mtu mmoja haukuzima moto. Minnawi huyo huyo leo ni gavana wa Darfur na yuko upande wa jeshi. Yani watu ni walewale miaka ishirini, wamebadilisha viti tu.

Alafu tulipeleka na vijana wetu. Walinda amani wa Tanzania walikuwa Darfur chini ya UNAMID, kikosi cha pamoja cha UN na Umoja wa Afrika, na 13 Julai 2013 wakauliwa saba kwa siku moja katika shambulio la kuvizia Darfur Kusini. Saba. Nchi nzima ililia. UNAMID ikafungwa mwisho wa Desemba 2020, wakasema hali imetulia serikali ya mpito italinda raia. Haijafika miaka mitatu moto ukawaka upya. Mie naona hili ndio kosa kubwa kuliko yote yaliyotajwa, kuondoka mapema ili kubana matumizi. Na marufuku ya silaha ya Baraza la Usalama ya tangu 2004 na 2005 ipo mpaka leo, lakini ni ya Darfur tu. Silaha ikishuka Port Sudan au Khartoum ni halali, ikivuka kuingia Darfur ndio haramu, nani anasimama hapo katikati kukagua? Novemba 2024 Uingereza na Sierra Leone walileta azimio la kulinda raia, kura 14 ndio, Urusi akapiga turufu. Na Umoja wetu wa Afrika, uliokuwa na kauli mbiu ya kunyamazisha bunduki ifikapo 2020, umeisimamisha Sudan uanachama tangu mapinduzi ya 2021 na umeunda jopo, na jopo lipo.


Kijana_Mpendae:

Ahsante mzee wangu, hili la marufuku kuwa ya Darfur tu sikulijua. Basi si liombwe liwe nchi nzima?


Mzee_wa_Malindi:

Limeombwa sana, Amnesty na wengine wamelipigia kelele. Linakwama kwa wale wanaouza.


Maalim_Wete:

Assalaam alaykum. Nizungumze upande ninaoujua. Ramadhani inakaribia na watu wataniuliza msikitini kuhusu zaka, bora niandike hapa.

Katika madhehebu yetu ya Shafi kauli yenye nguvu ni kwamba zaka haihamishwi kutoka mji iliopowajibika maadam mna wanaostahiki hapo, na Pemba wanaostahiki wapo, tusiwasahau mafukara wetu kwa kuangalia mbali. Wapo maulamaa, na ndani ya Mashafi pia, walioruhusu kuhamisha kwa haja kubwa, na njaa ya kuua ni haja kubwa, kila mmoja amuulize sheikh wake. Lakini sadaka haina mpaka, haina kiwango wala mwezi. Mtu asisubiri fatwa ya zaka ili atoe shilingi elfu mbili ya sadaka. Nimesoma maneno ya Bi Konde nikalia, mie baba yangu mdogo alikuwa katika mashua zile.

Shida yetu sie ni njia. Tukikusanya hapa Wete tunampa nani? Hatutaki fedha za watu zikaliwe njiani.


Twalib_Khartoum:

Maalim, mie nashauri hivi. Msitume kwa mtu mmoja mmoja aliejitokeza kwenye feisbuku, hata akiwa na picha za kuumiza, matapeli wapo wengi. Mashirika yenye watu ndani yapo, Hilali Nyekundu ya Sudan, Madaktari Wasio na Mipaka, Islamic Relief, hao wanafanya kazi mpaka Darfur na kila mmoja ana tovuti yake rasmi. Na vyumba vya dharura wana mfuko wa pamoja unaokusanya kutoka nje na kugawa kwenye majiko kwa utaratibu wa kuandikiana, risiti na picha. Tulosoma pale tunao wenzetu Wasudani tuliokaa nao bweni moja, wengine wako kwenye majiko Omdurman na wengine Tawila, tunaweza kuthibitisha fedha imefika sufuriani.


Bint_Vitongoji:

Nimesoma uzi wote kimya kimya tangu asubuhi, mie ni muuguzi na naomba mtu asisahau kipindupindu. Kilitangazwa Agosti 2024 na mpaka Agosti 2025 walioshukiwa washakaribia 100,000. Sie Zanzibar kipindupindu tunakijua, tumezika watu kwa ajili yake Unguja na Pemba, na tunajua kinatibika kwa maji ya chumvi na sukari, dripu na usafi tu. Mgonjwa akiwahi ni nadra kufa. Kule wanakufa kwasababu vituo vya maji na umeme vimepigwa droni watu wakanywa maji ya mto, na hospitali nyingi kwenye maeneo ya vita hazifanyi kazi. Katika michango yenu wekeni na dawa ya kutibu maji, ni rahisi kuliko chakula na inaokoa wengi.

Na mzee wa Malindi kauli yako kuhusu silaha isiishie hapa. Kuna wa kumuandikia?


Mwana_wa_Chake:

Yupo. Mambo ya nje ni ya Muungano, kwahiyo Baraza la Wawakilishi Chukwani si pahala pake, ni mbunge wa jimbo lako alieko Dodoma. Barua iwe fupi, isiwe ya kulaumu kila mtu. Mie naona iombe mambo matatu kwa serikali yetu: ikisimama Umoja wa Afrika na UN idai marufuku ya silaha iwe Sudan nzima na wanaoivunja watajwe hadharani bila kujali ni nchi gani rafiki, idai Adré na njia nyengine zibaki wazi bila kibali kuisha kila baada ya miezi, na wanafunzi Wasudani waliokatishwa masomo wapewe nafasi vyuo vyetu, kama wao walivyotusomeshea masheikh na walimu wetu miaka na miaka. Hili la tatu halihitaji Baraza la Usalama, ni uamuzi wa hapa hapa.


Mtu_wa_Darajani:

Hilo la wanafunzi nalikubali mia kwa mia. Na mchango wa Darajani mie nitazungumza na wenye maduka wenzangu Ijumaa, ila fedha zipitie kwa maalim na Twalib, na risiti ziwekwe humu humu kila mtu azione.


Bi_Konde:

Muweke na jina la Tawila kwenye barua. Waliokimbia El Fasher wako huko na saivi watu wanazungumza El Fasher tu kana kwamba wote wamekufa. Hai wapo wengi, wanataka maji na hema.


Bint_Vitongoji:

Nitaandika mie rasimu, niiweke hapa kesho baada ya alasiri. Mzee wa Malindi nakuomba uipitie tarehe na namba za maazimio, maalim na wewe Twalib mnipe majina ya Kiarabu yaandikwe sawasawa. Walio majimbo ya Unguja na walio Pemba kila mmoja apeleke kwa mbunge wake kwa mkono, si kwa simu, na achukue nakala iliyogongwa muhuri kwamba imepokelewa.